Upepo wa Rejeta

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Mombasa)



Katibu ametuomba sisi wa genge la njia tuseme machache juu ya upepo unaoingia katika uso wa kiberenge na kupoza injini. Tangazo lilipobandikwa wengine walicheka. Walisema upepo ni wa Mungu, chama kina shauri gani nao? Twawajibu kwamba upepo ni wa Mungu kweli, lakini mshahara uliokatwa ni wa mwenzetu, na shingo iliyoungua ni yake.

Wengi mwaijua habari yenyewe. Kiberenge kilikuwa cha kukodi. Mwenye kukikodisha hatutamtaja jina, maana shauri lingali mezani. Tulikuwa watu sita pamoja na vyuma na misumari ya reli, tunapanda kutoka Miritini kwenda Mazeras. Mshale wa joto ulikuwa umekufa tangu siku kilipoletwa, na jambo hilo limeandikwa katika daftari la dereva. Kabla ya kufika juu injini ilianza kugonga, mvuke ukatoka chini ya boneti. Muda wetu wa kukaa njiani ulikuwa karibu kwisha. Mmoja wetu akakimbia mbele na bendera nyekundu, mwingine nyuma, na sisi tuliobaki tukakiinua kile kitu kwa jeki na mabanzi mpaka tukakitoa relini. Ilipotulia, dereva akafungua kifuniko cha rejeta kwa kitambaa kama inavyotakiwa, pole pole. Lakini kifuniko chenyewe kilikuwa kimelika, hakikuwa na ile hatua ya kwanza ya kutoa mvuke. Kikaruka chote mara moja. Maji yakamwunguza mkono mpaka shingoni.

Baada ya siku chache barua ikaja. Ilisema dereva hakuangalia maji, gasketi ya kichwa imeungua, kwa hiyo gharama ya gasketi na ya fundi itakatwa katika mshahara wake kidogo kidogo.

Sasa, asubuhi ile maji yalikuwa yamejaa. Tuliyatia sisi wenyewe kwa mkono wetu, na debe la akiba lilikuwamo. Pampu tuliikagua baadaye, ikawa nzima. Mkanda wa feni ulikuwa mpya. Rejeta haikuvuja popote ila pale juu. Hapo ndipo tulipoanza kuuliza, ikiwa maji yalikuwamo na yalikuwa yakizunguka, joto lilishindwa kutoka kwa sababu gani? Jibu tulilikuta mbele, usoni pa kiberenge, na ndilo tulilokuja kuwaeleza.

Kwanza tukumbuke kazi ya rejeta. Katika joto lote linalotoka kwenye mafuta, kama theluthi moja tu ndiyo inayosukuma magurudumu, na mara nyingi haifiki. Theluthi nyingine hutoka na moshi. Iliyobaki huingia katika maji, na maji hayana mahali pa kuipeleka isipokuwa kwenye rejeta. Na rejeta nayo haina mahali pa kuipeleka isipokuwa kwenye upepo. Kwa hiyo tukisema injini yapozwa na maji, twasema nusu ya habari. Maji ni mchukuzi tu, kama hamali wa Kilindini. Anayepokea mzigo ni upepo. Hamali akifika mlangoni na mwenye nyumba hayupo, atasimama na mzigo kichwani mpaka aanguke.

Basi upepo una tabia zake, na sisi watu wa kisiwa hiki hatuna haja ya kufundishwa tabia hizo na mtu wa mbali. Wazee waliojenga Mji wa Kale walizijua. Nendeni katika nyumba yoyote ya zamani kando ya Ndia Kuu, mpande darini mchana wa Februari. Fungueni dirisha la upande wa bahari peke yake, na mlango wa nyuma mwuache umefungwa. Utasimama dirishani uone mitumbwi yapeperushwa, na wewe ndani unatoka jasho. Kisha mfungue ule mlango wa nyuma, au dirisha dogo linaloelekea uani. Mara hiyo hiyo pazia lainuka, karatasi zaruka mezani. Upepo haukuongezeka huko nje. Umepata mahali pa kutokea tu.

Hiyo ndiyo sheria ya kwanza, nasi twaiweka mbele ya nyingine zote kwa sababu ndiyo inayosahauliwa. Watu hutoboa uso wa gari matundu zaidi, hukata grili, wakidhani wanaongeza upepo. Lakini kama nyuma ya rejeta pamejaa, upepo hufika mlangoni ukageuka. Katika kiberenge kile tulikuta sahani ya chuma imefungwa chini ya injini yote, ya kuzuia mawe, haina tundu hata moja. Pembeni palikuwa na masanduku mawili ya vyombo yameshonwa kwa boliti juu ya matundu ya ubavuni, yale matundu aliyoyaweka mtengenezaji ili joto litoke. Nyumba nzima ilikuwa haina mlango wa nyuma.

Sheria ya pili ni kwamba upepo ni mvivu. Ukipewa njia mbili, moja ya kupita katika mapezi membamba ya rejeta na moja ya kupita pembeni wazi, utapita pembeni, nao hautaona haya. Mapezi ya rejeta yamebanana sana, kupenya ni kazi. Tulipima kwa vidole tukaona kati ya rejeta na bodi pana nafasi ya kuingiza kiganja kila upande, na juu pana nafasi ya kuingiza ngumi. Mdomo wa kiberenge ulikuwa mkubwa wa kupendeza, lakini upepo ulioingia ulikwenda zake kwa njia za panya, haukugusa maji.

Na njia hizo za panya zina ubaya wa pili. Kiberenge kikisimama, au kikienda pole pole, feni peke yake ndiyo inayovuta. Feni huvuta kutoka mbele na kutupa nyuma. Kama pembeni ni wazi, hewa ile iliyokwisha kuwa moto huzunguka, ikatokea tena mbele, ikavutwa mara ya pili na ya tatu. Injini inakula makombo yake mwenyewe. Dereva husema, nilikipumzisha dakika kumi huku kinanguruma lakini mshale ulizidi kupanda. Sababu ni hiyo.

Jambo hili mwaweza kulipima bila chombo chochote cha kununua. Chukueni ukanda wa karatasi nyembamba, ile ya kufungia maandazi. Injini ikinguruma na feni ikizunguka, mwulete ukanda mbele ya rejeta. Unatakiwa kuvutwa na kunata, na siyo katikati tu: pembe zote nne. Kisha mwupeleke katika zile nafasi za pembeni. Ukiona wapulizwa kuja mbele, mmemkamata mwizi. Mkono uwe mbali na feni, na mikono ya shati iwe imekunjwa. Twasema haya kwa sababu vidole havioti.

Katika kipimo hicho tuliona katikati ya rejeta karatasi yanata sana, na pembeni yalegea. Maana yake feni ilikuwa haina kava, lile duara la bati au plastiki linaloizunguka na kuishika hewa yake. Pasipo kava, feni huvuta ile sehemu iliyo mbele yake tu, na ncha zake huchezea hewa ile ile. Mafundi wengi hulitoa kava wanapobadili mkanda, kisha huliacha karakanani kwa kuwa linawachelewesha. Siku mbili baadaye linatumika kama sinia la kuoshea vyuma. Twajua, tumelikuta.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo twaamini mwenye kukodisha hakulifikiria kabisa, kwa sababu vitu hivi hutengenezwa katika nchi ambazo hazina kusi wala kaskazi.

Mwendo wenyewe husaidia kusukuma upepo katika rejeta, na msaada huo haupandi sawa na mwendo. Mwendo ukiwa mara mbili, msukumo ni mara nne. Ukiwa mara tatu, msukumo ni mara tisa. Vile vile ukipungua, msukumo waanguka vibaya sana. Njia yetu ya kutoka kisiwani kwenda Mazeras yaelekea kaskazini-magharibi. Kuanzia Aprili mpaka Septemba kusi latoka upande wa kusini na kusini-mashariki, yaani latupiga mgongoni tunapopanda. Tuseme kiberenge chaenda kilometa 30 kwa saa, na kusi linavuma kilometa 20 nyuma yake. Uso wa kiberenge waona kilometa 10 tu. Hiyo ni theluthi ya mwendo, na msukumo ni sehemu moja katika tisa. Na hapo ndipo injini ina kazi nyingi kuliko mahali pengine popote, imejaa watu na vyuma, inapanda. Wakati wa kurudi mambo yote hugeuka: twateremka, mzigo umebaki njiani, upepo watujia usoni kilometa 50. Mshale walala usingizi. Ndiyo maana vijana husema kiberenge chaogopa bara na kupenda nyumbani. Hakina moyo, ndugu, ni hesabu tu.

Ajali ile ilitokea mwezi wa Julai. Barua ilisema haiwezekani injini ichemke kwa upungufu wa upepo katika majira ya baridi. Twasema majira hayo ndiyo mabaya zaidi kwa njia ya kupanda. Wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, hewa ni ya moto kweli, lakini upepo watujia kwa ubavu wa kulia, hautunyang'anyi mwendo wetu.

Kuna na jambo la kurudi kinyumenyume. Motokaa hairudi nyuma maili mbili. Kiberenge chaweza kurudi kutwa, pasipo mahali pa kukigeuza. Kikirudi nyuma, ule mdomo wa mbele wawa mkia, na upepo wa mwendo haupigi rejeta kabisa. Pengine wajaribu kuingia kwa nyuma na kushindana na feni. Hapo kila kitu kimetegemea feni na kava yake. Kwa hiyo kiberenge kisicho na kava hakifai kurudi nyuma na mzigo, na dereva ana haki ya kusema hivyo kabla ya kuondoka.

Vijana wetu wapenda magari ya mbio, nao wametuonyesha picha. Huko mdomo wa mbele ni mdogo kuliko rejeta, tena kuna njia iliyofungwa pande zote inayopanuka pole pole kutoka mdomoni hadi kwenye rejeta. Upepo ukiingia kwa kasi na kukuta njia yapanuka, hupunguza mwendo, msukumo wake waongezeka, halafu hupenya mapezi kwa upole. Ni akili ya ndege: mwaka 1935 mtaalamu mmoja wa huko Uingereza, F. W. Meredith, alieleza jinsi rejeta iliyowekwa katika njia nzuri ya upepo inavyoweza kupunguza mzigo wake kwa ndege. Tumeyapenda hayo, lakini tusiige yote. Gari la mbio lina kilometa 200 kwa saa za kusukumia. Sisi tuna 30, na kusi mgongoni. Mdomo wetu na uwe mkubwa. Tunachochukua kutoka kwao ni ile njia iliyofungwa pande zote, hata upepo ulioingia usiwe na ruhusa ya kwenda popote ila kwenye maji.

Wao hutufundisha na jambo la pili. Tangu Safari Rally ilipoanza mwaka 1953, watu wa nchi hii wameona magari yamefungwa mataa makubwa mbele, na kila mwenye pikapu akataka yake. Taa iliyowekwa mbele ya rejeta ni ukuta. Upepo hugawanyika nyuma yake, na sehemu ile ya rejeta hubaki imefunikwa kama mtu aliyejificha nyuma ya mnazi. Kiberenge chetu kilikuwa na taa mbili, honi, na ubao wa rangi wenye jina la mwenye kukodisha, vyote mbele ya grili. Tulipima kwa futi: vilifunika zaidi ya nusu ya uso. Ubao ule peke yake ulikuwa mpana kama kipande cha meza. Jina lake lilisomeka vizuri sana pale Mazeras, tulipokuwa tumekaa chini ya mwembe.

Wazee hapa wakumbuka kusimuliwa juu ya vile vigari vya reli vilivyokuwa katika mji huu zamani, mwanzoni mwa karne ya 20, vikitoka Mji wa Kale kwenda Kilindini. Vilikuwa na kiti na kitambaa cha kivuli juu, na vilisukumwa na watu. Bwana alikaa mbele akipata upepo wote, na injini ilikuwa nyuma yake ikitoka jasho. Tumecheka sana kulinganisha, lakini turudi kwenye kazi.

Makosa mengine ya kawaida tuyapitie haraka. Kuinua boneti kwa nyuma, karibu na kioo, kwasaidia ukisimama au ukienda pole pole, joto lapanda likatoka. Ukienda kasi, pale mbele ya kioo upepo hujibana, ukaingia ndani badala ya kutoka, ukazuia ule wa rejeta. Kung'oa themostati siyo dawa. Injini nyingine zikiachwa bila hiyo, maji mengi hupita njia ya mkato bila kufika kwenye rejeta. Chumvi ya bahari hula mapezi, na vumbi la Taru likichanganyika na mafuta huyaziba kama udongo. Yaoshwe kwa maji matamu yasiyo na nguvu nyingi, kutoka upande wa injini kuja mbele, maana uchafu uliingia kwa mbele. Na maji ya kutia yawe safi. Kituo cha Maji ya Chumvi hakikupewa jina lile kwa mzaha.

Kifuniko nacho kina kazi kubwa kuliko bei yake. Hapa kisiwani maji huchemka kwa digrii 100, lakini kifuniko kizima cha paundi 15 huyazuia mpaka karibu digrii 120. Kikilegea, faida yote hiyo yapotea. Nanyi mnaopelekwa juu mjue kwamba Nairobi, iliyo kama mita 1,660 juu ya bahari, maji yasiyo na kifuniko huchemka karibu digrii 95, na hewa yenyewe ni nyepesi, imepungua kiasi cha sehemu 15 kwa 100. Kiberenge kinachoponea chupuchupu Mombasa kisitumainiwe huko, hata ikiwa watu wamevaa makoti.

Tulifanya nini, basi? Kiberenge kilipotengenezwa kilirudishwa kwetu vile vile, na ubao wake. Tulimwomba msimamizi wetu ruhusa kwa maandishi, akatupa. Tukauhamisha ubao ubavuni. Taa tukazipeleka pembeni, honi chini. Masanduku tukayatoa kwenye matundu. Sahani ya chini tukaikata mlango upande wa nyuma, tukainamisha ncha yake kidogo ili mawe yasiingie. Zile nafasi za pembeni na juu tukaziba kwa bati la madebe lililokunjwa, na kingo zake tukazivika mpira wa tyubu ya lori ili lisikate rejeta kwa mtikisiko. Kava ya feni tulioshe mafuta, tukairudisha, tukaangalia ncha za feni zisiiguse. Kazi yote ilikuwa jioni mbili. Tulilonunua ni misumari ya rivet tu, na mshale mpya wa joto ambao msimamizi aliutia sahihi.

Tumepanda Mazeras mara nyingi tangu hapo, kusi lipo, watu sita wapo. Mshale hukaribia robo tatu katika mwinuko mkali, hukaa hapo, na Mariakani huwa umeteremka. Karatasi yanata pembe zote nne.

Haya tumeyaandika na kuyapeleka kwa Katibu, pamoja na ukurasa wa daftari la dereva unaoonyesha kwamba mshale ulikuwa umekufa kabla ya siku ile. Tunayoomba ni haya. Dereva asikatwe hata shilingi moja kwa injini iliyochemka mpaka kwanza mtu wa karakana na mtu wa genge wakague pamoja kifuniko, mshale, kava ya feni na njia ya upepo, wakatia sahihi wote wawili. Kiberenge cha kukodi kikaguliwe hivyo siku kinapopokewa, kabla hakijaguswa na mtu wetu. Na zile pesa zilizokwisha kukatwa zirudishwe, pamoja na gharama ya dawa za mwenzetu. Mkono wake waendelea vizuri, ila kidole cha mwisho bado hakikunjiki.

Kiberenge cha pili, kile cha kijani, kina ubaya ule ule, tena ubao wake ni mkubwa zaidi. Ruhusa yake imepatikana jana. Jumamosi saa nane mchana, baada ya zamu, tutakifanyia kazi karibu na banda la vyombo. Bati lipo. Tyubu hazitoshi, kwa hiyo mwenye tyubu kuukuu nyumbani na aje nayo, na kisu kikali.